Sisi washauri wa mahabusu ya watoto hatumdekezi mtu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja aliyesema watoto walioko mahabusu wanadekezwa, eti sisi washauri nasaha kazi yetu ni kukaa nao kwenye viti tunapiga stori huku walioibiwa na waliopigwa wanaugulia majumbani kwao, akamalizia kwamba dawa ni moja tu, wapelekwe hata siku moja kwenye jela ya wakubwa wakaone cha mtema kuni, watarudi wamenyooka. Mimi ndo mmoja wa hao wakaa kwenye viti. Nafanya ushauri nasaha kwenye mahabusu ya watoto na sio mtu wa kuandika andika magazetini, ila wenzangu ofisini waliposoma ile barua wakaniambia wewe si unapenda ubishi, haya bishana na huyu. Naomba nafasi.

Kwanza niseme sina ugomvi na hasira yake. Mtu akivunjiwa nyumba na kijana wa miaka 15 hawezi kufurahi akisikia yule kijana kakalishwa mahali anaulizwa usingizi unakuja? unaota ndoto mbaya? Hata mimi ningekuwa ndo nimevunjiwa ningekereka. Lakini hilo wazo la kwenda kuwatisha sio jipya hata kidogo, limeshajaribiwa na majibu yake yanajulikana, tatizo ni kwamba majibu hayakupata umaarufu kama wazo lenyewe.

Miaka ya 1970 kwenye gereza la Rahway huko New Jersey, Marekani, wafungwa wa vifungo virefu walianza kuletewa vijana wakorofi ili wawatishe. Wanawafokea usoni, wanawatukana, wanawaeleza yanayotokea usiku ndani ya seli, wengine wanatoka pale wanalia. Mwaka 1978 ikatoka filamu kuhusu ule mpango, ikachukua hadi Oscar, watu wakasema basi dawa imepatikana, na majimbo kibao yakaiga. Baadae watafiti wakafanya kitu ambacho washabiki hawakukifanya, wakawagawa vijana kwa kura, hawa wanapelekwa gerezani kutishwa na hawa hawapelekwi, alafu wakafuatilia nani anarudi kwenye makosa. Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio 9 ya namna hiyo wakayaweka pamoja, na kilichoonekana ni kwamba waliopelekwa kutishwa ndio waliofanya makosa ZAIDI kuliko walioachwa bila kufanyiwa chochote. Yaani ungewaacha tu majumbani ungekuwa umewasaidia.

Mimi sikushangaa niliposoma hayo. Ukimpeleka kijana ambaye maisha yake yote ameonewa, akamuona jitu la miraba minne linalofoka na kila mtu pale ndani anatetemeka, wewe unadhani ameona onyo, kumbe yeye kaona mtu ambae hakuna anayeweza kumuonea. Na akirudi bwenini anawasimulia wenzake kama kaenda safari. Alafu kingine, hawa vijana kutishwa wameshatishwa sana. Wengi ninaokaa nao walishachapwa, walishafukuzwa usiku, walishalala nje, wengine walishawekewa kisu shingoni na mtu mzima, sasa unamtisha na nini ambacho hajakiona? Kama woga ungekuwa unafundisha, hawa wangekuwa maprofesa.

Sasa hiyo stori tunayopiga ni ipi, maana nadhani huyu ndugu anafikiri tunapeana pole.

Mtoto akiletwa anapokelewa, anapekuliwa, mkanda na kamba za viatu vinachukuliwa (mnajua kwanini), anapimwa afya, alafu kabla usiku haujaingia mmoja wetu lazima amuone. Anaingia chumbani viatu vinampwaya kwasababu kamba hazipo, anaburuza miguu, na karibu wote wanafanya kitu kilekile, wanaangalia kwanza mlango uko wapi na dirisha liko wapi, alafu wanavuta kiti mpaka mgongo uguse ukuta. Sio utovu wa nidhamu huo. Mtu aliyezoea kupigwa kwa nyuma hakai mgongo wazi. Mimi kiti changu nakiweka upande, sio mbele yake kama polisi, na sikai kati yake na mlango, na mtu yeyote anayeanza kazi hii namwambia kitu cha kwanza hicho, usimzibie mlango na usimguse bega ghafla.

Kabla sijauliza chochote namwambia siri inaishia wapi. Hapa watu wengi hawaelewi kwahiyo naomba nieleze vizuri. Namwambia unayoniambia yanabaki kwangu isipokuwa mambo matatu, ukiniambia unataka kujidhuru, ukiniambia unataka kumdhuru mtu, au ukiniambia kuna mtu anakuumiza wewe au mtoto mwingine, hayo nitalazimika kuyasema na nitakwambia kwanza nayasema kwa nani. Swali linalofuata silisubiri hata, linakuja lenyewe: "Na hakimu?" Namjibu kwamba kesi yako ina watu wake, una haki ya wakili, mimi sitaki unieleze siku ile ilikuwaje nani alishika nini nani alikimbilia wapi, kama kesi haijasikilizwa hayo kaa nayo mpaka uongee na mtu wako wa sheria, mimi nataka kujua umelala, unaumwa, nani nyumbani ana wasiwasi na wewe, na hapa ndani nani anakutisha. Wengine wananiangalia kama mwendawazimu. Wamezoea kila mtu mzima anayekaa nao mezani anataka wakiri kitu.

Kuna kijana mmoja (nabadilisha mambo kidogo asitambulike) ambae kila nilichomuuliza alijibu sijui. Umri wa mdogo wako? Sijui. Unapenda somo gani? Sijui. Kipindi kizima anachubua ngozi pembeni ya kucha hadi damu inatoka. Muda ukaisha nikamwambia haya tutaonana, akanyanyuka, akafika mlangoni, ameshika kitasa, bila kugeuka akauliza, "mtu akizima ghafla akiwa anapigwa, huwa anakumbuka baadae?" Waliofanya kazi hii watanielewa, mambo makubwa yanasemwa mlangoni, mtu ameshashika kitasa, kwasababu pale anaweza kukimbia. Ndo maana naweka muda wa ziada baada ya kila mtoto na ndo maana nagombana na watu wa ratiba. Ukimpanga mtoto baada ya mtoto bila nafasi utakuwa unawafungia mlango wakati ndo wanaanza kuongea.

Haya, kazi yenyewe sasa. Tunafanya vipindi vya mtu mmoja mmoja na vya kundi. Cha kundi kimoja nakipenda sana, sio changu, kinatoka kwenye mpango mmoja wa vijana wa Chicago, Marekani, unaitwa Becoming a Man. Unawapanga wawili wawili, mmoja unampa mpira mdogo anaufumbata kwenye ngumi, mwingine unamwambia una sekunde 30 uutoe huo mpira. Basi! Ni vita. Wanavutana, wanabanana vidole, wanapigana viwiko, mmoja anaanguka chini, msimamizi wa zamu anachungulia dirishani kuna nini. Muda ukiisha unauliza, kuna aliyemwomba mwenzake mpira? Kimya. Unamuuliza aliyekuwa anavuta, kwanini hukuomba? "Angeniona boya." Unamgeukia mwenye mpira, angekuomba ungefanyaje? "Ningempa tu, si mpira." Alafu wanacheka wote, alafu kicheko kinakatika, na hapo ndo kazi inaanza, maana mtu anaanza kukumbuka mwenyewe ile siku alivyokanyagwa mguu kwenye daladala akajua kadharauliwa, kumbe mtu aliteleza.

Hiyo ndo wanaita tiba ya fikra na tabia, ukiondoa maneno makubwa ni kumfundisha mtoto kuna nafasi kati ya kitu kinachotokea na kitu unachofanya, na hiyo nafasi inaweza kurefushwa. Sekunde mbili tatu. Makosa mengi ninayoyaona kwenye mafaili hayakupangwa, yalitokea ndani ya hizo sekunde, na mara nyingi wenzake walikuwepo wanaangalia. Hilo la wenzake nalo limepimwa. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichukua vijana wadogo, vijana wakubwa na watu wazima wakawachezesha mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao wengine mbele ya wenzao. Watu wazima walicheza vilevile, awe na watu asiwe na watu. Wale wadogo walipoangaliwa na wenzao walijitosa kwenye hatari kupita walivyokuwa peke yao. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kukanyaga breki, inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Sisemi hivyo kumpa mtu kisingizio, kijana akikosa amekosa na tunamwambia amekosa, nasema tu usimpimie kijana wa 15 kwa akili ya mtu wa 40 alafu ukashangaa.

Na je hiyo kazi inafanya kazi? Haki ya msomaji kuuliza. Chicago hiyohiyo, ambako ndiko mahakama ya kwanza ya watoto ilianzishwa mwaka 1899, kwenye mahabusu yao ya watoto waliingiza vipindi hivi kwenye baadhi ya mabweni na mengine yakaendelea kama kawaida, na watoto waligawiwa bweni bila kuchaguliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, waliopita kwenye mabweni yenye vipindi walirudi mahabusu pungufu kwa asilimia 21. Na waliovifundisha hawakuwa madaktari wa akili, walikuwa wafanyakazi wa mahabusu wenyewe wamepewa mafunzo. Hiyo asilimia 21 sio muujiza, wengi bado walirudi, sitaki kumdanganya mtu. Lakini mlinganishe na ule mpango wa kutisha, huu umepunguza, ule uliongeza, alafu mseme nani anadekeza wahalifu.

Kwa aliyekosewa pia tunafanya kitu, maana ile barua ilisema hatumkumbuki. Kuna kipindi tunamwambia kijana aandike barua kwa mtu aliyemkosea, haitumwi popote, ni ya pale pale. Barua ya kwanza siku zote ni takataka, "samahani kwa yaliyotokea", kama vile yalijitokea yenyewe. Tunarudia. Alikuwa anafanya nini ulipomkuta? Alivaa nini? Alipoanguka ulimsikia akisema nini? Usiku ule unadhani alilala? Kuna watoto wagumu kama jiwe wanaokunja ngumi mbele ya askari lakini kwenye hilo swali la usiku wanaomba kutoka nje. Ukiniuliza mimi, hicho kiti ni kigumu kuliko kufokewa na mfungwa.

Sasa nitoe ya moyoni kuhusu upande wetu, maana barua ile ilikosea sababu lakini ukweli kwamba kazi haiendi inavyotakiwa upo.

Shida kubwa ni kuvalishwa kofia mbili. Asubuhi nakaa na mtoto naahidi siri, mchana mkubwa mmoja ananiita koridoni, mwenzetu huyu kijana wa bweni la pili anakwambia nini, nani aliingiza ile simu? Nikimwambia siwezi kusema naonekana niko upande wa watoto. Kuna mahali nilipopita (sitasema wapi) mshauri alipangwa zamu ya upekuzi kwasababu wafanyakazi ni wachache, yaani mtu yuleyule aliyesikiliza mtoto akilia asubuhi ndo huyohuyo jioni anamwambia vua viatu geuka. Baada ya hapo nenda kamuulize umelalaje. Atakwambia vizuri. Kila siku atakwambia vizuri. Na wakubwa wataandika kwenye ripoti kwamba ushauri nasaha unaendelea vizuri. Mimi nasema afadhali mahabusu isiwe na mshauri kabisa kuliko kuwa na mshauri ambae ni sikio la ofisi, kwasababu yule mtoto akishadanganywa hapo hatamwamini mwingine hata huko nje.

Ya pili ni kumfungia mtoto peke yake. Mtoto amepigana, amevunja kiti, amemtukana msimamizi, anapelekwa chumba cha peke yake "atulie". Nawaelewa wasimamizi, usiku wako wawili na bweni limejaa, hawana silaha nyingine. Lakini mtoto aliyejaa mawazo ukamuweka na kuta nne hatulii, anabaki na mawazo tu. Lindsay Hayes alichunguza vijana waliojiua ndani ya vituo vya Marekani kati ya mwaka 1995 na 1999, na karibu nusu yao walikuwa wamefungiwa chumbani wakati wanajiua. Nusu! Ndio maana kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zile za mwaka 1990 ambazo watu wa fani wanaziita Kanuni za Havana, zimekataza kabisa kumuadhibu mtoto kwa kumtenga peke yake, pamoja na viboko na vyumba vya giza. Kilichosaidia mahali fulani nilipoona kinasaidia ni kitu cha kawaida kabisa, mtoto anatolewa kwenye fujo anakaa mahali tulivu NA MTU, sio peke yake, mtu hasemi neno, wanakaa tu mpaka pumzi inashuka. Inahitaji mfanyakazi mmoja zaidi kwa zamu. Hilo ndo gharama yake yote.

Ya tatu hii inaniuma kuliko zote. Kanuni hizohizo, aya ileile ya 67, inakataza kutumia familia kama adhabu, yaani kumnyima mtoto kuonana na ndugu zake kwasababu amefanya fujo. Na bado unakuta linafanyika, mtoto kakosea jumatano, jumamosi mama yake kafika anaambiwa leo haonwi. Mama karudi na safari yake. Lakini pia, na hapa nawageukia wazazi wanaosoma gazeti hili, wapo wanaojinyima wenyewe. Napiga simu, mzazi anapokea, naeleza mwanao yuko salama, anakuulizia, najibiwa "mwache akae huko ajifunze, mimi nimechoka nae." Naelewa kuchoka. Kuna mzazi ameibiwa na mwanae mwenyewe, kuna aliyeuziwa vitu vya ndani hadi kitanda. Sibishani na uchovu wa mtu. Ila niwaambie kinachotokea huku ndani siku ya kutembelewa, wale wanaojua hawana wa kuja wanaamka wanaumwa kichwa, wengine tumbo, wanaomba kulala, mchana ugomvi unaanza kwasababu mwenzao kakumbatiwa getini wao wameona kupitia dirishani, jioni bweni zima limechafuka. Mimi hiyo siku sipangi likizo. Na kijana akitoka hapa mimi simfuati, ratiba yangu inaishia getini, anarudi kwako. Mwezi mzima wa vipindi vyangu unaweza kufutwa na mlango mmoja wa nyumbani uliofungwa. Mzazi, njoo hata ukae kimya. Usimletee mahubiri, atayapata ya kutosha. Kaa, mwangalie, ondoka, rudi tena.

Na wasichana je? Ni wachache, ripoti ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2019 iliyosimamiwa na Manfred Nowak ilisema asilimia 94 ya watoto wanaoshikiliwa kwenye mfumo wa haki ni wavulana. Lakini uchache wao ndo unawaponza, hakuna anayepanga chochote kwa ajili yao, wanapewa chumba cha pembeni na vipindi vya wavulana vilivyokatwa nusu. Na wengi ninaowaona "kosa" lao lilianza na kutoroka nyumbani, ukiuliza polepole alikuwa anatoroka nini unajuta kuuliza. Huyo anahitaji barua yake peke yake, leo sitaweza.

Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba watoto wasiopungua 410,000 wanapita kwenye mahabusu na magereza kila mwaka duniani, bado hujahesabu wanaolala kwenye vituo vya polisi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kifungo cha 37 unasema kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadri inavyowezekana. Nikisimama asubuhi kwenye foleni ya kuhesabiwa nikaangalia sura nasema moyoni hatua ya mwisho hii? Huyu kaletwa kwa kesi ya simu ya mkononi, huyu kwasababu hakupatikana mtu mzima wa kumdhamini, huyu kesi inaahirishwa tu. Na kukaa kwenyewe kunaharibu hata sisi washauri tukijitahidi vipi. Mwaka 2015 Anna Aizer na Joseph Doyle walitoa utafiti wa huko huko Chicago, walitumia ukweli kwamba kesi zinagawiwa kwa mahakimu bila kuchagua na kuna hakimu mkali na hakimu mpole, wakalinganisha vijana wanaofanana makosa ambao wamepishana tu kwa bahati ya hakimu. Waliofungwa walimaliza shule kwa uchache zaidi na wakiwa wakubwa walifungwa zaidi. Mtoto yuleyule, kosa lilelile, tofauti ni chumba cha mahakama alichoingia. Kwahiyo ndugu yangu msomaji anaposema tuwashikilie zaidi na tuwatishe zaidi, anaomba kuvunjiwa nyumba mara ya pili, tofauti ni kwamba safari hii mvunjaji atakuwa amekua na amepata marafiki wapya.

Wapo ambao lazima washikiliwe. Nimekaa na kijana ambae nilimwogopa, na sio aibu kusema, na mtaani kwao watu walikuwa na haki ya kupumzika. Lakini hao ni wachache na ndio wanaohitaji muda mwingi zaidi na mimi siwezi kuwapa huo muda kwasababu bweni limejaa waliokuja kwa simu za mkononi.

Sasa Mhariri nina ombi na nyie, maana hamjaepuka. Juzi kaletwa mtoto ambae kabla hajafika kwetu picha yake ilikuwa imeshatoka gazetini (silitaji gazeti), sura wazi, jina lake, jina la shule, hadi jina la baba yake. Hajahukumiwa. Hata shtaka lenyewe lilikuwa halijasomwa. Kitu cha kwanza alichoniambia sio kesi wala nyumbani, aliuliza "shuleni wameona?" Wameona ndio. Naanzia wapi kumwambia kuna maisha baada ya hapa wakati darasa zima lina ile karatasi? Mkataba wa Haki za Mtoto kifungo cha 40 unataka faragha ya mtoto iheshimiwe katika hatua zote za kesi, na Kanuni za Beijing, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985 kuhusu kesi za watoto, zilisema hivyohivyo mapema zaidi, kwamba kisichapishwe kitu kinachoweza kumtambulisha. Kuziba macho kwa kale kamstari keusi hakusaidii, jirani anamjua mtu kwa shati.

Habari mnaweza kuitoa bila hayo. Andikeni umri, andikeni tuhuma, andikeni kesi imefikia wapi, mhojini aliyekosewa akikubali, ulizeni kwanini mtoto huyo kakaa muda wote huo bila kusikilizwa, hiyo ndo habari ambayo hakuna anayeiandika. Jina, picha, shule, mzazi na namba ya nyumba acheni. Na kama mna picha za nyuma kwenye mtandao wenu za watoto ambao kesi zao ziliisha, hata wale walioachiwa huru, naomba mtu wenu akae nazo aziondoe moja moja. Akihitaji kujua zipi ni za watoto, wapigie simu ofisi za ustawi wa jamii, watawaambia.

Nashukuru kwa nafasi.

Mshauri nasaha, mahabusu ya watoto
(jina kapuni)